Mashine Iliyovuja, na Jawabu Tulilolitoa kwa Haraka

 

Mwezi uliopita tuliahidi kuendelea na habari ya mirathi na mafungu ya ndugu wa kwa mama. Twawaomba wasomaji wetu wastahamili mwezi mmoja, kwani limetupata jambo ambalo kwa upande mmoja lachekesha, na kwa upande wa pili limetunyima usingizi. Tulitaka kulificha. Baadaye tukaona haya, maana sisi ndio tuliokosa, na wanafunzi wetu wawili watatu walikwisha kulijua.

Kijana mmoja aliyesoma chuoni kwetu tangu alifu na bee hata akahitimu, alifungua kiduka cha kahawa katika kichochoro kimoja cha Mji Mkongwe, si mbali na Sokomuhogo. Wazee watacheka wakisikia kuwa kahawa yataka duka. Kahawa ya mji wetu imezoea kutembea: dele la shaba, makaa chini yake, vikombe vikigongana mkononi mwa muuzaji, na watu wamekaa barazani wanamngoja, na kipande cha kashata mdomoni. Hata leo, ukipita Jaws Corner baada ya Alasiri, utawakuta wamekaa. Lakini wageni, na siku hizi vijana wetu pia, wataka kahawa nyengine, ile ya Kitaliani, nyeusi na nzito, yenye povu juu la rangi ya hina. Na hiyo haitoki katika dele. Hutoka katika mashine.

Mashine yenyewe aliinunua ikiwa imekwisha kutumika. Mtaji alipewa na mama yake, naye mama aliutoa katika zamu yake ya upatu, fedha alizokuwa amezitilia nia ya kwendea Umra. Alimwambia mwanawe: "Zichukue, utanirudishia Mungu akikufungulia." Twaomba msomaji asilisahau neno hilo.

Kwanza tueleze mashine hii, kwa sababu wengi tumekunywa kahawa yake wala hatujui ndani mwake mna nini. Katika dele, maji na unga wa kahawa huchemka pamoja kwa raha zao. Wataliani walitaka haraka. Luigi Bezzera, mtu wa Milano, aliandikisha mwaka 1901 mashine ya kupitisha maji ya moto na mvuke katika unga, kikombe kimoja kimoja. Baadaye Achille Gaggia, wa mji huo huo, aliona kuwa mvuke waiunguza kahawa, akatafuta njia ya kuyasukuma maji kwa nguvu kubwa zaidi, na baada ya Vita Vikuu vya Pili mashine zake za wenzo na springi zikaenea. Mwaka 1961 kampuni ya Faema ikatoa mashine iliyoitwa E61, ambayo pampu ya umeme ndiyo isukumayo badala ya mkono wa mtu. Nguvu hiyo ni kiasi cha baa 9, yaani mara tisa ya uzito wa hewa utukandamizao hapa pwani. Na maji huwa karibu na nyuzi 93 za joto.

Basi maji ya moto namna hiyo, yanayosukumwa kwa nguvu namna hiyo, huzuiwa na nini yasiruke pembeni? Huzuiwa na pete moja ya mpira. Muuzaji hutia unga katika kikombe cha chuma chenye mpini, akakipachika chini ya kichwa cha mashine, akakizungusha mpaka kikaze. Baina ya chuma na chuma ndipo ikaapo hiyo pete, na mafundi waiita gasketi. Ikiwa mpya ni laini, hubonyea ikajaza kila mwanya. Ikikaa miezi mingi katika joto hukauka, ikawa ngumu kama kifuu, kisha ikapasuka, na maji yakapata njia. Dalili ya mwanzo iko katika mpini: zamani ulikaza ukimwelekea muuzaji sawasawa, sasa wampita, wenda upande wa kulia, ndipo ukaze.

Kijana aliiona dalili hiyo asiijue. Akawa akikaza kwa nguvu zaidi, na kila akikaza ndivyo alivyozidi kuila ile pete. Yakaanza matone, kisha mchirizi, kisha siku moja maji yakamrukia mkononi akaungua. Kahawa nayo ikapooza, maana nguvu iliyotakiwa kupita katika unga ilikuwa yatoroka pembeni. Akamwita fundi mmoja, ambaye hatumtaji, naye akamwambia kichwa cha mashine kimekufa na dawa yake ni kununua mashine nyengine, na ikatokea kuwa yeye mwenyewe anayo ya kuuza. Hatusemi kuwa alikusudia udanganyifu. Huenda na yeye alisema asilolijua, kama tulivyofanya sisi siku mbili baadaye.

Alhamisi jioni kijana alitujia chuoni. Hakuja kwa ajili ya mpira. Alikuja na swali la sheria: je, aweza kuirudisha mashine kwa aliyemuuzia, kwa kuwa ina aibu?

Tukamjibu kama tulivyosomeshwa. Muuzaji ni wajibu wake kuidhihirisha aibu ya kitu akiijua; nasi tukamkumbusha habari ya Mtume, s.a.w., alipopita sokoni akatia mkono wake katika chungu ya nafaka, vidole vikakuta rutuba ndani, na mwenye nafaka akatoa udhuru wa mvua. Mtume akamuuliza kwa nini hakuiweka ile iliyorowa juu, watu wakaiona. Na mnunuzi akigundua aibu iliyokuwapo kabla ya kununua, ana hiari ya kurudisha. Lakini katika madhehebu yetu ya Imamu Shafii hiari hiyo ni ya papo hapo. Mtu akiijua aibu kisha akaendelea kukitumia kitu bila ya udhuru, huhesabiwa ameridhika. Kijana alikuwa ameona maji yavuja tangu miezi miwili, na kila siku aliifanyia kazi mashine. Tena kitu kama pete ya mpira huliwa na matumizi, na alinunua akijua kuwa mashine imetumika. Tukamwambia: hapana njia ya kurudisha.

Jawabu hilo tulilijua, na tulilitoa kwa utulivu. Lau tungalinyamaza hapo! Lakini tulimwona kijana ameinama, tukamwonea huruma, na huruma ikatufungua mdomo. Sisi tulipokuwa wadogo, mfereji wa maji ukivuja, baba alikata duara katika katambuga kuukuu, zile za mpira wa tairi, akalitia ndani, na mfereji ukanyamaza mwaka mzima. Basi tukamwambia: "Mwanangu, usihangaike. Hilo ni jambo la mpira tu. Tafuta kipande cha tairi, ukate pete, utie." Tena tukaongeza, na hili ndilo linalotuumiza zaidi, kwamba kufanya hivyo ni kujiepusha na israfu.

Akaenda akafanya. Mwalimu wake amesema!

Mashine iliacha kuvuja. Siku tatu aliuza kahawa, nasi tulijisifu nyumbani. Usiku wa siku ya nne, baada ya Isha, alipiga hodi, amebeba kikombe kilichofunikwa. Akasema, "Maalim, onja." Tukaonja. Ilikuwa na harufu ya gereji. Mteja mmoja, bibi wa mtaa wa pili, ndiye aliyemwambia. Na yeye mwenyewe alipokinusa kikombe vizuri akaona kuwa bibi amesema kweli. Kisha akatuuliza swali ambalo hatukuwa tumelitayarishia jawabu: "Na wale waliokwisha kunywa siku tatu hizi, Maalim?"

Mpira wa tairi hutengenezwa kwa ajili ya barabara. Hutiwa salfa ili ukaze, hutiwa masizi na mafuta na madawa mengine ili ustahamili jua na mawe, wala hakuna aliyekusudia siku moja ukae ndani ya kinywaji cha mtu. Katika mfereji wa baba maji yalikuwa baridi, wala mtu hakuujali. Katika mashine hii, maji ya nyuzi 93 hupita yakiugusa kutwa nzima na kuingia kikombeni. Hayo yote tungaliweza kuyajua kwa kuuliza. Hatukuuliza kwa sababu jambo lilionekana dogo, na mtu mwenye kilemba huona vigumu kusema "sijui" mbele ya aliyekuwa akimpigia bakora.

Imamu Malik, na ilimu yake yote, aliletewa maswali mengi na mtu aliyesafiri kutoka mbali, na mengi katika hayo alijibu kuwa hajui. Habari hiyo tumewasimulia watoto chuoni hatujui mara ngapi. Na kahawa yenyewe ina kisa cha namna hii. Ilipotoka Yaman, ambako Masufi walikuwa wakiinywa ili wakeshe katika dhikri, ikafika Makka, na mwaka 1511 muhtasib wa mji, Kha'ir Beg, aliwakusanya wanavyuoni, wakaletwa matabibu wawili wakashuhudia kuwa yadhuru, basi ikaharimishwa, na kahawa ikachomwa moto njiani. Amri ya kulegeza ilitoka Kairo baadaye, na leo tunainywa nje ya misikiti yetu bila ya wasiwasi. Wale walikosa kwa kuzuia wasichokijua. Sisi tulikosa kwa kuruhusu.

Kwa lile swali la kijana, tulifanya hivi. Mpira ulitolewa usiku ule ule na mashine ikazimwa. Wateja wa mtaani aliwafuata mmoja mmoja akawaeleza na kuwataka radhi, na kila aliyetaka fedha yake alirudishiwa. Wengi hawakutaka, mzee mmoja alisema amekunywa maji ya visima vingi maishani mwake na kahawa ya tairi haitamuua. Amma wageni waliokwisha kupanda ndege, hao hawapatikani tena, basi thamani ya vikombe vyao tuliikadiria ikatolewa katika maslahi ya msikiti wa mtaa kwa niaba yao. Nusu ya thamani hiyo tuliitoa sisi, kwa kuwa jawabu lilikuwa letu. Bi mkubwa wa nyumba yetu, alipoziona fedha zatoka mkobani, alisema, "Mwalimu wa alifu na bee leo kawa fundi wa mashine," na hatukuwa na la kumjibu.

Ikawa sasa yatafutwa pete ya kweli, na hapo duka limefungwa, na kodi yaenda.

Kijana alianza Darajani. Kila dukani aliulizwa "mashine ya jina gani?" akataja jina, akaambiwa hapana. Walimtolea pete za masufuria ya presha, na za mitungi ya gesi, na za mifereji. Kijana mmoja wa duka alitaka kumuuzia ya sufuria kwa kuwa "zote ni mpira", maneno yetu yenyewe. Akaenda Mlandege, akapata mikanda ya mashine za kufulia. Kisha akapiga picha pete yake iliyokufa, akaipeleka kwa simu kwa mwenye duka Kariakoo, Dar es Salaam. Naye akamjibu kuwa anayo, akapokea fedha, na siku ya pili pete ikaja kwa boti. Kwa macho ilikuwa ile ile. Ilipotiwa ikaingia kwa kulegalega, na mpini ukazunguka bila ya kukaza. Picha haikuonyesha kipimo, na hakuna aliyekiuliza, si muuzaji wala mnunuzi. Fedha zile zimekwenda.

Aliyemfungulia mlango ni mwenzake wa skuli afanyaye kazi katika hoteli moja ya Kiwengwa. Upande ule wa mashariki ya kisiwa wamekuja Wataliani kwa miaka mingi, na Mtaliani hata akiwa ufukweni hataki kuikosa kahawa yake ya asubuhi. Kwa hiyo mashine ziko, na palipo na mashine pana mtu wa kuzitengeneza. Kijana akapanda daladala akaenda.

Fundi yule, kwa alivyotusimulia kijana, hakuuliza jina la mashine. Aliuliza vipimo vitatu: upana wa pete kutoka ukingo wa nje hata wa nje, upana wa tundu la ndani, na unene. Kijana hakuwa navyo, lakini alikuwa na pete kuukuu mfukoni. Fundi akaitia katika chuma chake cha kupimia akasoma: milimita 73 nje, 57 ndani, na unene 8. Akamwambia kuwa hicho ni kichwa cha mtindo wa ile mashine ya mwaka 1961, na viwanda vingi vilikifuata mtindo huo, kila kimoja na jina lake mbele. Ndiyo maana kuuliza kwa jina kulimpoteza kijana, ilhali pete moja yaingia katika mashine za majina mbalimbali. Zipo pia za unene wa milimita 8 na nusu, zifaazo mahali ambapo chuma chenyewe kimekwisha kulika kidogo. Nusu milimita! Nasi tulimwambia kata tairi.

Kisha fundi akafungua kopo lake. Ndani mlikuwa na pete za namna mbili, na kwa macho ya kijana hazikuwa na tofauti. Fundi akazitenga mwenyewe bila ya kuulizwa. Akasema, "Hizi nimezitoa katika mashine za hoteli, zimetumika, nitakupa kwa bei ndogo, lakini baada ya mwezi utarudi. Hizi ni mpya, na mpira wake umefanywa kwa ajili ya chakula na joto." Tuliposikia hayo tuliikumbuka ile chungu ya nafaka sokoni. Kijana alinunua mbili mpya, moja ya kutia na moja ya akiba, akaambiwa ya akiba aiweke mahali pa kivuli, mbali na jiko na mafuta. Bei ya zote mbili ilikuwa ndogo kuliko kodi ya siku alizofunga duka.

Siku ya kuitia tulikwenda kutazama, kwa kuwa safari hii tulitaka kuona kabla ya kusema. Mashine ilizimwa, ikachomolewa katika umeme, mvuke ukatolewa, ikaachwa mpaka ikapoa. Mtu asishike kichwa hicho kingali na moto. Akalishusha chujio la chuma. Ile pete ya Kariakoo ilitoka kwa kidole. Juu yake, katika mfereji wa chuma, mlikuwa na vipande vya mpira wetu wa tairi, vimeganda kama lami, akavikwangua kwa bisibisi nyembamba taratibu asije akakwaruza chuma. Kisha akapiga brashi masimbi ya kahawa yaliyokauka, maana pete mpya ikikaa juu ya uchafu nayo huvuja, na mwenye mashine akaitukana pete bure. Ukingo wa pete uliokatwa mshazari ulielekezwa juu, kama alivyoagizwa na fundi. Ikaingia kwa taabu kidogo, akaisukuma kwa mpini wenyewe mpaka ikakaa.

Wapita njia wawili walisimama mlangoni wakamcheka, mwenye duka yuko magotini na mikono myeusi. Tukawaambia kuwa Bibi Aisha, Mungu amwie radhi, alipoulizwa Mtume, s.a.w., alikuwa akifanya nini nyumbani, alitaja kwamba alikuwa akishona viatu vyake na kuitengeneza nguo yake kwa mkono wake. Mmoja wao akaingia akasaidia kushika taa.

Mpini ulipopachikwa ulikaza kabla ya kufika katikati, kidogo upande wa kushoto, na kijana alitaka kuulazimisha. Akakumbuka kuwa fundi alimkataza: pete mpya hukaa vizuri baada ya siku chache. Pampu ikalia. Tuliinama sote tukatazama ukingoni, na bwana wa taa pia. Hapakutoka tone.

Kikombe cha kwanza kilimwagwa, na cha pili, ili mashine ijisafishe. Cha tatu alipelekewa yule bibi wa mtaa wa pili, aliyenusa gereji. Alinusa muda mrefu kabla ya kunywa, kisha akaomba sukari. Cha nne tuliletewa sisi. Ilikuwa safi, na povu lake la hina. Nasi kwa kuwa tumeazimia kusema kweli mwezi huu, twakiri kuwa twaipenda zaidi ya dele.

Vipimo vile vitatu kijana ameviandika kwa rangi ukutani nyuma ya mashine. Mama yake ana zamu nyengine ya upatu mwezi wa Shaabani, na kijana ameanza kumrudishia kidogo kidogo kila Ijumaa.

Mwezi ujao, inshaallah, tutarejea kwenye mirathi, na fungu la ndugu wa kwa mama.